Sheria za Kura Jimboni Georgia (Sehemu ya Pili): Nani Abebeshwe Mzigo?

Wiki iliyopita tuliona kwamba nchini Marekani kila jimbo hujitungia taratibu zake za kupiga kura. Leo tuipime sheria moja: SB 202 ya Georgia, aliyoitia saini Gavana Brian Kemp tarehe 25 Machi 2021.

Mwaka 2020 Joe Biden alimshinda Donald Trump jimboni humo kwa kura 11,779. Kura zipatazo milioni 5 zilihesabiwa upya kwa mkono, na mshindi akabaki yuleyule. Hata hivyo, watetezi wa SB 202 walidai inahitajika ili kurudisha imani ya wananchi.

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kupiga kura kituoni kwa siku moja, aelewe kwamba Georgia huruhusu pia kura za mapema na za posta. Sheria hii iliongeza Jumamosi ya pili ya lazima kwa kura za mapema, na hapo inastahili sifa. Kwa kura za posta ilikaza kamba. Maombi yaliyoanza kupokelewa siku 180 kabla ya uchaguzi sasa huanza siku 78 kabla. Masanduku ya kutumbukizia kura yaliingizwa ndani ya vituo, nayo hufungwa vituo vinapofungwa. Anayetoka kazini usiku hayakuti wazi. Raia wakakatazwa hata kuwagawia maji walio kwenye foleni.

Watetezi hutaja wingi wa waliojitokeza kupiga kura. Lakini jumla haisemi nani alishindwa kufika, wala kwa nini.

Hadi 2013 Georgia ililazimika kupata idhini ya serikali kuu kabla ya kubadili taratibu hizi. Mahakama Kuu ya Marekani ilipouondoa ulinzi huo katika kesi ya Shelby County, mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia raia. Matokeo yake tumeyaona: jaji alisimamisha sehemu ya katazo la maji Agosti 2023, uchaguzi wa 2022 ukiwa umeshapita.

Septemba 2024 Bodi ya Uchaguzi ya jimbo iliagiza karatasi za kura zihesabiwe kwa mkono vituoni, wiki chache tu kabla ya uchaguzi. Mahakama ililizuia agizo hilo Oktoba, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Georgia ikalibatilisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayetaka kuibana haki ya kura ndiye athibitishe haja yake, tena kabla ya siku ya kura.

Wiki ijayo: nani huchora mipaka ya uwakilishi.