Kuutambua Ugonjwa wa Moyo kwa Mbwa na Paka

Mbwa anayefuatana na mchungaji kutoka tambarare ya Same, yenye mwinuko wa mita 860 hivi, hadi vijiji vya Milima ya Upare hupanda njia ya kuchosha. Akianza kubaki nyuma na kulala njiani, watu husema kwamba amezeeka au amekuwa mvivu. Huenda moyo wake unashindwa kazi.

Moyo ni pampu. Kwa mbwa wadogo waliozeeka, vali zake huchakaa, damu ikarudi nyuma. Kwa baadhi ya mbwa wakubwa, msuli wa moyo hutanuka na kulegea. Kwa paka, aghalabu msuli huo hunenepa mno, na nafasi ya damu hupungua. Upande wa kushoto ukishindwa, damu hurundikana mapafuni, majimaji huvuja humo, na mnyama huhema. Kwa mbwa, upande wa kulia ukishindwa, tumbo hujaa maji.

Dalili ya mapema yaweza kupimwa kwa saa tu. Mnyama akiwa usingizini, mahali pasipo joto, zihesabiwe pumzi zake kwa sekunde 30, kisha idadi izidishwe kwa 2. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zikizidi 30 kwa dakika, siku baada ya siku, hilo ni onyo. Kazi hii haihitaji kumshika mnyama. Wanafunzi wasiwakaribie mbwa wasiowajua, kwa hofu ya kichaa cha mbwa.

Paka huficha maradhi yake. Ni nadra kukohoa kwa sababu ya moyo. Hujitenga na kuacha kula. Paka ahemaye kwa mdomo wazi, au ambaye miguu yake ya nyuma imepooza ghafla na kuwa baridi, yumo hatarini: yamkini damu iliyoganda imeziba ateri.

Hata hivyo, uchovu pekee hauthibitishi ugonjwa wa moyo. Kupe na mbung'o hueneza vimelea vinavyosababisha upungufu wa damu. Fizi hupauka na mnyama huchoka vivyo hivyo, mara nyingi akiwa na homa. Ndiyo sababu daktari wa mifugo husikiliza moyo na pia huchunguza damu kwa darubini, kwani tiba ya ugonjwa mmoja haiponyi mwingine.

Dawa za kupunguza maji mwilini haziponyi vali iliyochakaa, lakini humpa mnyama nafuu. Mwenye mnyama akifika kwa daktari na hesabu ya pumzi za siku saba, uchunguzi huwa umekwisha kuanza.