Skye: kisiwa kinachofikiwa kwa basi

Basi la watalii linaloondoka Inverness, nyanda za juu za Scotland, hupita kando ya Loch Ness na ngome ya Eilean Donan, kisha huingia kisiwani Skye bila kusubiri kivuko. Daraja lake, lililojengwa kwa mtaji wa sekta binafsi, lilifunguliwa mwaka 1995. Ushuru wake, hata hivyo, uliwaelemea wakazi, nao ndio waliolazimika kuvuka mara kwa mara. Baadhi yao walikataa kulipa, wakashtakiwa na kutiwa hatiani. Desemba 2004 serikali ya Scotland ililinunua daraja na kuufuta ushuru. Sasa mabasi huvuka bure; kinacholalamikiwa ni msongamano wa kiangazi katika barabara nyembamba za kisiwa.