Mbio za Sebuleni

Antonio Pasin, kijana fundi mbao aliyehamia Marekani kutoka Italia, alianza kutengeneza vigari vya mbao mjini Chicago mwaka 1917. Kampuni iliyotokana na kazi yake, Radio Flyer, inajulikana zaidi kwa kigari chekundu cha chuma, lakini huuza pia farasi wa springi, ambaye mtoto humpanda akatimua mbio bila kusogea hata hatua moja.

Mwili wa farasi huyu ni plastiki, mtupu kwa ndani. Plastiki laini ya moto huwekwa kwenye kalibu, ikapulizwa hewa hadi ishike umbo la kichwa, shingo na tandiko. Kisha farasi huning'inizwa kwenye fremu ya mabomba ya chuma kwa springi nne. Mtoto akikaa, springi huvutika; akijiinua, hujikunja na kumrusha juu. Betri ya nini?

Farasi wa kubembea wa zamani husogea kidogo kidogo sakafuni, na ole wake aliyeacha vidole vya miguu karibu. Huyu wa springi hubaki palepale.

Hatari yake iko kwenye springi zenyewe: zikivutika, mizunguko yake huachana; ikirudi, hubana kidole cha mtoto. Ndiyo maana zinapaswa kufunikwa. Anayenunua wa mtumba aanzie hapo, kisha akague ndoano kama zimelika kwa kutu, na aitikise fremu kwa nguvu. Ikiyumba, skrubu zikazwe kabla mtoto hajapanda.