Je, Wajua? Jiwe la Mwezi wa Kuzaliwa

Orodha ya vito vya miezi 12 inayofuatwa na masonara wengi leo ilipangwa na wauza vito wa Marekani mwaka 1912. Wazo lenyewe ni la kale: katika Kutoka 28, kifuko cha kifuani cha kuhani Haruni kina mawe 12, kila moja na jina la kabila la Israeli. Ganeti, jiwe la Januari, ilisadikiwa kumlinda msafiri. Aina yake ya kijani, tsavoraiti, huchimbwa Taita-Taveta. Tanzanaiti ya Mererani iliongezwa kwenye mawe ya Desemba mwaka 2002, kwa manufaa ya biashara bila shaka. Hukwaruzika upesi kuliko yakuti, hivyo hufaa zaidi hereni kuliko pete ya kila siku.

Kisumu na ufuoni mwa Ziwa Victoria, Waluo huweka alama ya wakati wa kuzaliwa katika jina badala ya jiwe, na si ya saa tu bali hata ya hali ya hewa: Akinyi ni wa asubuhi, Atieno wa usiku, Akoth wa mvua. Anayetaka jina kama hilo kwenye jiwe hulipata kwa bei nafuu katika jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, ambalo hukatika kwa kisu, husuguliwa kwa msasa na maji, kisha herufi huchorwa kwa ncha ya chuma.