Kiwele Chema Ndicho Mali ya Ng'ombe wa Maziwa

Watu wengi waendao sokoni kununua ng'ombe wa maziwa hutazama kwanza rangi yake, halafu unene wake, kisha huinama kidogo wakaona kiwele kikubwa, nao huridhika. Fedha hutolewa na ng'ombe hupelekwa nyumbani. Baada ya mwezi mmoja au miwili mwenyewe hushangaa, maana kiwele ni kikubwa lakini ndoo haijai. Au chuchu moja haitoi kitu ila maji yenye mabonge. Hapo ndipo afahamupo kwamba alinunua nyama, wala hakununua maziwa.

Hasara ya namna hii si ndogo kwa jamaa yenye ng'ombe mmoja. Tuseme ng'ombe hutoa lita 8 kwa siku. Kwa kawaida robo mbili za nyuma za kiwele hutoa kama sehemu 60 katika kila 100 za maziwa yote, na robo mbili za mbele hutoa sehemu 40. Basi robo moja ya nyuma ikifa, hata nyingine zikijitahidi kufidia, ng'ombe huyo aweza kupungukiwa na lita 2 kila siku. Kwa siku 300 za kukamwa, hizo ni lita 600. Maziwa hayo yangalinywewa na watoto, na mengine yangaliuzwa yakalipa karo ya shule.

NG'OMBE WADOGO

Jambo hili lawahusu hasa wenye kufuga ng'ombe wadogo wa gredi, yaani Jersey na chotara wake. Asili ya ng'ombe hao ni kisiwa kidogo cha Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa. Tangu mwaka wa 1789 sheria ya kisiwa hicho ilikataza kuingizwa kwa ng'ombe wa kutoka nje, na mwaka wa 1834 wafugaji wake waliandika orodha ya alama za ng'ombe mwema, na kiwele kikawa mojawapo. Hapa Kenya ng'ombe wa gredi walianza kuenea katika mashamba ya Waafrika baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Mwenye shamba dogo humpenda Jersey kwa kuwa hula majani machache kuliko Friesian, na maziwa yake yana mafuta mengi, kama sehemu 5 katika 100.

Lakini udogo huo una hatari yake. Miguu ikiwa mifupi, kiwele kinacholegea hufika karibu na ardhi upesi, kikakwaruzwa na miiba, kikapigwa na miguu na kupakwa samadi. Tena chuchu za Jersey mara nyingi ni fupi, nazo humchosha mkamaji. Kwa hiyo mwenye kununua ng'ombe mdogo hana budi kuwa na macho makali zaidi.

JINSI KIWELE KILIVYO

Kiwele si mfuko wa kuwekea maziwa tu. Ni kiungo kinachotengeneza maziwa kutokana na damu, na ili ipatikane lita moja, damu ipitayo ndani yake ni zaidi ya lita 400. Kimegawanyika robo nne, kila moja na chuchu yake, wala maziwa hayapiti kutoka robo moja kwenda nyingine. Mzigo wote huo umetundikwa kwa kano zilizo pande zote mbili, pamoja na kano moja yenye nguvu ipitayo katikati. Hiyo ya katikati ikilegea, kiwele chote hushuka.

JINSI YA KUKIPIMA

Mnunuzi asikubali kuonyeshwa ng'ombe mara moja tu, hali kiwele kimejaa. Wako wauzaji ambao humwacha ng'ombe bila kumkama tangu jana, ili kiwele kivimbe na kupendeza. Yafaa amwone kabla ya kukamwa, akamwe mbele yake, kisha amtazame tena. Kiwele chema kikishakamwa hunywea, ngozi yake ikawa laini yenye mikunjo kama mfuko mtupu. Kikibaki kikubwa na kigumu vilevile, ni nyama na mafuta, au kina makovu ya ugonjwa wa zamani.

Kisha amtazame kwa ubavuni. Sehemu ya mbele ya kiwele iungane na tumbo taratibu, isiwe na pengo ambalo mkono waweza kuingia. Chini yake pawe sawa, pasiwe na robo iliyoning'inia kuliko nyingine. Kiwele kisishuke kupita goti la nyuma. Ng'ombe aliyezaa mara moja kiwele chake chapaswa kuwa juu sana ya goti hilo, maana kila uzazi hukishusha kidogo. Aliye na kiwele kilichofika gotini katika uzazi wa pili, je, katika uzazi wa tano kitakuwa wapi?

Halafu asimame nyuma. Kiwele kianzie juu, kiwe kipana, na katikati paonekane mfuo. Mfuo huo ni dalili kwamba kano ya katikati ina nguvu. Usipoonekana, na chuchu zikawa zimeelekea nje, kano imelegea. Chuchu ziwe nne za namna moja, zielekee chini, na urefu wake uwe kama sentimita 5 au 6, ili mkono upate pa kushika.

Mwisho atumie mikono yake. Aguse kila robo, kama kuna uvimbe au joto lisilo la kawaida. Akame matone ya kwanza ya kila chuchu juu ya chombo cheusi, atazame kama kuna mabonge, damu au maji. Mishipa minene ya tumboni, ambayo wazee wengi huisifu, si dhamana ya maziwa mengi. Tena mtamba anayekaribia kuzaa kwa mara ya kwanza asipimwe kwa uvimbe wa siku hizo, maana uvimbe huo ni wa kawaida, nao hupungua baada ya kuzaa.

YANAYOREKEBISHWA KWA MATUNZO

Kasoro za kiwele ni za namna mbili: nyingine hurekebishwa kwa mikono, nyingine kwa uzazi tu. Ni muhimu kutochanganya mambo haya mawili.

Ugonjwa wa kiwele hutoka zaidi katika uchafu na ukamaji mbaya kuliko katika ukoo. Dawa yake ya kwanza ni usafi. Mahali pa kulala pawe pakavu. Mkamaji anawe mikono, asafishe chuchu na kuzikausha vizuri, kila ng'ombe kwa kitambaa chake. Akishampapasa ng'ombe na kusafisha kiwele, maziwa hushuka baada ya kama dakika moja, na nguvu hiyo ya kuyashusha hudumu dakika chache tu. Basi akame upesi bila kukatiza. Akame kwa kubana chuchu na kiganja chote, asizivute kwa kidole gumba na cha shahada, maana kuvuta huumiza ndani. Akimaliza, azichovye chuchu katika dawa ya kuua vijidudu, kisha ampe ng'ombe majani ili asimame kwa muda wa kama nusu saa, kwa sababu tundu za chuchu bado ziko wazi. Ng'ombe mgonjwa akamwe mwisho.

Miezi miwili kabla ya kuzaa, ng'ombe aachwe kukamwa ili kiwele kipumzike. Robo ikivimba, aitwe daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na dawa itumiwe mpaka mwisho kama alivyoagiza. Maziwa ya siku za dawa, na ya siku zilizoandikwa kwenye chupa yake, yasinywewe wala yasiuzwe. Kuyachemsha hakuondoi dawa iliyomo.

YANAYOREKEBISHWA KWA UZAZI

Lakini hakuna usafi wala chakula kitakachoinua kiwele kilichokwisha kushuka, wala kurefusha chuchu fupi. Mambo hayo hurithiwa, tena nusu ya urithi hutoka kwa dume. Dume hana kiwele, lakini hubeba kiwele cha mama yake na kuwapa binti zake. Mfugaji anayempeleka ng'ombe wake kwa dume la jirani kwa sababu ni karibu na bei yake ni ndogo, bila kuuliza habari za mama wa dume huyo, anacheza bahati nasibu.

Njia iliyo bora ni kutumia mbegu za madume waliokwisha kupimwa kwa binti zao. Kituo cha serikali kilichoko Kabete, ambacho kilianzishwa mwaka wa 1946, hutoa mbegu za namna hiyo. Mfugaji amweleze mpandishaji kasoro ya ng'ombe wake waziwazi: kama kiwele kimeshuka, achaguliwe dume ambaye binti zake wana kiwele cha juu, kama chuchu ni fupi, achaguliwe mwenye binti wa chuchu ndefu zaidi. Asitafute yote katika uzazi mmoja. Tena aandike jina na namba ya dume katika daftari, ili baadaye asije akampandisha binti kwa baba yake mwenyewe.

Kazi hii yataka subira. Mimba huchukua miezi 9, na mtamba huzaa akiwa na umri wa miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo dume atakayechaguliwa leo, kiwele cha binti yake kitaonekana baada ya miaka 3 hivi. Aliyechagua vibaya atangoja miaka 3 mingine. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mwenye kuchagua vema mara mbili mfululizo atakuwa na ng'ombe ambaye jirani zake watakuja kumtaka ndama.

Mwenye shaka juu ya kiwele cha ng'ombe wake, au cha ng'ombe anayetaka kumnunua, na amwendee afisa wa mifugo aliye karibu naye kabla ya kutoa fedha. Kuuliza hakugharimu kama kununua robo iliyokufa.