Kiangazi Bukavu: Namna ya kuandaa darubini kabla ya kutazama nyota

BUKAVU – Kitabu cha maelekezo kinachofungwa pamoja na darubini mara nyingi kimeandikwa kwa mtu wa Ulaya au Marekani. Kinamwambia asubiri usiku mrefu wa Desemba na Januari, avae koti zito, kisha aelekeze stendi kwenye nyota ya kaskazini. Hapa Bukavu, Desemba ni mvua. Nyota hiyo nayo haionekani kabisa, kwa sababu mji uko digrii 2.5 kusini mwa ikweta na nyota imejificha chini ya upeo wa macho.

Usiku wetu wa baridi ni wa Juni hadi Agosti. Mawingu hupungua, na katika mji huu ulio juu ya mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, sweta ni lazima. Lakini kiangazi kina adui wake: vumbi la barabarani na moshi wa mashamba yanayochomwa. Kwa hiyo usiudharau usiku unaofuata mvua za kwanza za Septemba. Mvua ikishaosha hewa, mawingu yakifunguka hata kwa saa mbili, mbingu huwa safi kuliko wiki nzima ya Julai.

Kosa la ghali hufanyika dukani. Stendi nyingi za kisasa zina mhimili unaopaswa kulengwa kwenye ncha ya mbingu. Bukavu mhimili huo unatakiwa kulala karibu sawa na ardhi, na nyingi hazikuundwa kulala hivyo. Heri stendi ya kawaida inayopanda, kushuka na kuzunguka, kama ile ya mbao iliyoenezwa na John Dobson huko California. Seremala wa Kadutu akionyeshwa picha anaweza kuitengeneza.

Mchana, linganisha kidarubini kidogo cha kulengea na darubini kubwa kwa kutazama mnara wa mbali. Usiielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja, jicho litaungua.

Jioni, itoe nje nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuanza. Kioo chenye joto la nyumbani huifanya nyota icheze kama iko ndani ya maji. Mabati nayo hutoa joto walilolihifadhi mchana, basi usitazame juu ya paa la jirani. Halafu weka nyota angavu katikati, ivuruge kidogo: ukiona duara ndani ya duara, vioo vimekaa sawa. Duara zikiegemea upande mmoja, kaza skrubu za kioo taratibu.

Unyevu wa ziwa huleta umande. Zungushia mdomo wa darubini karatasi ngumu iliyotokeza mbele. Lenzi ikilowa usiifute kwa shati. Iache ikauke, ndipo uifunge pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu. Ukifunga unyevu ndani, kuvu litaila lenzi.

Umeme ukikatika, ambalo kwetu si jambo la nadra, kwa mara moja ni faida. Julai saa mbili usiku, Nge yuko juu, Msalaba wa Kusini unashuka kusini-magharibi, na Njia Nyeupe inapita katikati.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna kitabu cha maelekezo kinacholitaja. Bomba refu juu ya miguu mitatu, likionekana gizani kwa mbali, linafanana na silaha. Katika mji ulioingia mikononi mwa M23 Februari 2025, hilo si jambo la kuchekea. Kaa ndani ya ua, si juu ya paa wala barabarani. Mwambie mkuu wa avenyu mapema, na majirani pia. Usiku wa kwanza chagua mwezi wenye nusu, waite wao watazame kwanza. Mashimo yake yanaonekana hata kwa darubini ndogo.