Injini Ngeni Katika Motokaa Kuukuu: Habari za Maji na Geji ya Joto

Upitapo Rwamishenye waweza kuona motokaa kuukuu iliyotiwa injini isiyokuwa yake. Sababu yajulikana: bodi na chesisi bado ni nzima, lakini injini ya kwanza imechakaa na vipuri vyake ni adimu. Sikusudii kueleza kazi yote ya kubadili injini. Nataka kueleza sehemu moja ambayo mara nyingi huachwa mwisho na kufanywa kwa haraka, nayo ni njia ya kupoza maji pamoja na geji ya joto.

Mfano wangu ni Land Rover ya mjomba, Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli, yenye sentimita za ujazo 2,286, ilitolewa. Ikatiwa injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, yenye sentimita za ujazo 2,779, ambayo mafundi wetu waijua kwa kuwa imo katika Hiace na Hilux nyingi. Motokaa hii huchukua ndizi kutoka vijiji vya Muleba, na siku nyingine humchukua mgonjwa. Ikifa njiani, si mjomba peke yake apataye hasara.

Rejeta na mipira yake

Katika joto lote la mafuta yaunguayo ndani ya injini, karibu theluthi moja huingia katika maji, na rejeta haina budi kulitoa nje. Kwa hiyo swali la kwanza si kama rejeta ya zamani inaingia mahali pake, bali kama yaweza kuipoza injini mpya inapopanda mlima na mzigo. Feni nayo yafaa iwe karibu na rejeta, tena iwe na kava kuizunguka. Bila kava huzungusha hewa ile ile ya moto.

Tena, kichwa cha rejeta kiwe juu kuliko silinda hedi. Kikiwa chini, hewa hunaswa ndani ya injini, na mahali penye hewa hapapozwi. Isipowezekana, hutiwa tangi dogo la maji mahali pa juu zaidi.

Midomo ya maji ya injini hizi mbili hailingani. Fundi mwema haulazimishi mpira kwa kuukaza kwa waya. Huunga kwa bomba la chuma lenye ukingo, kisha hukaza kwa klipu. Mpira wa chini huvutwa na pampu, na ukiwa laini hubanana injini inapokwenda mbio. Afadhali uwe na springi ndani.

Themostati isitupwe

Wako wanaosema kwamba ukiiondoa themostati injini haitachemka. Maneno haya hayafai. Themostati hufunguka kwa joto lililoandikwa juu yake, kwa kawaida kati ya digrii 76 na 88. Katika injini nyingi za Kijapani, inapofunguka huziba pia njia ya pembeni irudishayo maji katika injini bila kupita katika rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji haipozwi hata kidogo.

Geji na sensa ni mume na mke

Hapa ndipo penye hatari iliyofichika. Geji iliyo mbele ya dereva haijui joto. Hupima umeme tu. Ndani ya sensa iliyo katika injini mna kitu ambacho ukinzani wake hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Tena geji ya Land Rover hii hupewa umeme uliopunguzwa kufikia volti 10 hivi. Basi ukiunga sensa ya Toyota na geji ya Land Rover, mshale utapanda na kushuka kama kawaida, nawe utaridhika, kumbe wakudanganya.

Dawa ni mbili: kutia geji ya Toyota pamoja na sensa yake, au kutia sensa ya Land Rover katika injini mpya. Mjomba alichagua ya pili. Kwa kuwa hesi hazikulingana, ilichongwa bushi ya shaba. Sensa lazima iguse maji, tena iwe upande wa injini kabla ya themostati. Wala hesi zake zisivikwe utepe mwingi wa plastiki, maana umeme wa sensa hurudi kwa kupitia mwili wake. Ukizuiwa, au waya ukikatika, mshale hulala upande wa baridi hata kama injini inaungua.

Jaribio la sufuria

Kabla ya kufunga sensa tuliitumbukiza ncha yake katika sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto. Waya mmoja ulikwenda kwenye geji, na mwingine ukatoka mwili wa sensa kwenda hasi ya betri. Tuliandika mahali pa mshale kwa digrii 60, 80 na 90, kisha maji yanapotokota.

Wanafunzi waangalie hapa: kwetu maji hayatokoti kwa digrii 100. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani. Maji hutokota kwa digrii 96 hivi. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta ni kitu kikubwa. Kifuniko kinachozuia kanieneo ya kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba hufanya maji yasitokote mpaka karibu digrii 116. Lakini rejeta kuukuu isipewe kifuniko kilichoizidi nguvu, isije ikapasuka. Wala kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto.

Neno kwa madereva

Mshale ukipanda kisha ukashuka ghafula mlimani, usifurahi. Huenda maji yamekwisha, na sensa imebaki katika hewa. Simama, zima injini, ngoja ipoe, ndipo uangalie.

Nanyi wazazi mnaobadili injini, kabla ya kulipa muulizeni fundi: Je, geji na sensa ni za jozi moja? Je, zimejaribiwa katika maji ya moto? Je, themostati imo? Majibu ya maswali hayo ni bei ndogo kuliko silinda hedi iliyopinda.